Sabin Hurezan na Basi Lililorudi Nyuma

Sabin Hurezan, kocha wa klabu ya Minerul ya Lunca Neagra, anastaafu rasmi tarehe 30 Juni baada ya miaka arobaini na minane ya mpira, mingi yake akiila ughaibuni. Mimi ndiye niliyemfundisha kutumia mguu wa kushoto. Ile kona yake iliyokuwa inapinda kama mkia wa paka, asili yake ni uani kwetu, nyuma ya majengo ya wachimbaji.

Sawa, mke wangu amesoma hapo juu na ameniamuru nifute. Si kweli. Nilichomfundisha ni kuvuta sigara, na hata hiyo nilimkuta anaijua. Mguu wa kushoto alizaliwa nao. Ila nimemfahamu tangu hajaota ndevu, na nimeliendesha basi la timu hii tangu enzi ambazo makaa ya mawe yalikuwa bado yanatoka ardhini. Ndiyo maana mwenyekiti alipotafuta mtu wa kuandika ukurasa wa heshima kwa ajili ya sherehe ya Jumapili, alikuta waliosoma wote wako Italia wanabeba matofali, akaangukia kwangu, mtu wa darasa la saba. Akaniambia, "Mzee Costan, andika lolote, ila suala la basi usiliguse."

Nitaligusa. Lakini kwanza nimalize yale ya adabu.

Baba yake Sabin alikuwa mchimbaji, na alitaka mwanawe ashuke chini kama yeye. Sabin alishuka mara moja, akapanda juu akiwa amefumba macho, akasema afadhali apigwe mateke juani. Akaanza kucheza beki wa kushoto hapa Minerul, siku ambazo wachimbaji walitoka zamu na kuja uwanjani moja kwa moja, kope zao zina weusi wa makaa kama wamepaka wanja. Uwanja wote umejaa wanaume wenye wanja, na wote wanakutukania mama. Aliyecheza mbele ya watu wale hakuogopa kitu tena duniani.

Timu kubwa ya jiji ikamchukua. Jezi ya taifa aliivaa mara moja tu, dakika za mwisho, mvua inanyesha, na mpira aliugusa kwa bahati mbaya. Jezi hiyo alimpa baba yake, naye mzee akawa anaivaa mgodini ndani ya ovaroli mpaka ikaishia kwapani. Jumba letu la makumbusho ndilo hilo, na lilizikwa pamoja na mwenyewe.

Serikali ya kikomunisti ilipoanguka na mipaka kufunguka, Sabin alikuwa wa kwanza kuondoka. Alicheza Hungaria, kisha Kupro, ambako magoti yalimgomea. Akageuka kocha. Akafundisha Kupro, Kuwait, Tunisia, Uzbekistani, akafukuzwa kote huko, na kote aliwahi kubebwa mabegani kabla ya kufukuzwa. Alifundisha kwa lugha saba, zote mbovu. Kila lugha alijua maneno matatu: mbele, pamoja, na tusi. Alinyakua kombe moja Kuwait na alipandisha daraja timu ya Tunisia ambayo hata wake za wachezaji walikuwa wameikatia tamaa. Mpira wetu mdogo wa milimani alikwenda kuupigia debe kwa watu wasiojua Lunca Neagra ni mji au ni ugonjwa wa ngozi.

Pia alisafiri na miiko yetu. Huku kwetu basi la timu halirudi nyuma siku ya mechi. Mtoto wa chekechea analijua hilo. Basi likirudi nyuma, timu inarudi nyuma. Kasisi anaweza kunyunyiza maji ya baraka mpaka matairi yaelee, ukipiga rivasi umeharibu yote. Wenzetu wengi waliokwenda nje waliuacha mwiko huu uwanja wa ndege. Sabin hakuuacha. Kule Kupro, basi lake liliingia njia isiyotokea popote pale bandarini, akagoma lisirudi hata hatua moja, mpaka walinzi wakang'oa uzio ili lipite mbele. Mlinzi mmoja akamuuliza dereva, "Huyu kocha wenu mzima kweli?" Dereva akajibu, "Mzima. Mromania tu." Siku hiyo walishinda mabao manne, na toka hapo dereva yule akawa halali mpaka gia ya rivasi ameifunga kamba.

Uzbekistani ndiko mwiko ulikomgeuka. Theluji ilifunga njia mbele yao, nyuma njia ilikuwa wazi kabisa, Sabin akasema wangoje trekta. Trekta lilikuja limechelewa. Alinipigia simu.

"Mzee Costan, wamenifukuza."

"Umefungwa ngapi?"

"Sikufungwa. Sikufika."

Nilicheka mpaka nikakohoa. Yeye hakucheka.

Alirejea nyumbani miaka mitatu iliyopita. Mji ulidhani amekuja na hela za Waarabu. Alikuja na goti bovu na masanduku mawili ya suti za michezo. Alikuta mgodi umefungwa na lifti yake imeuzwa chuma chakavu. Shule zilizobaki mna mwangwi ndani. Minerul ilikuwa daraja la nne, imeshikilia kwa kucha. Nahodha ni Tiberiu, miaka thelathini na tisa, ambaye nusu ya mwaka yuko Hispania anachuma matunda na nusu nyingine anaumwa mgongo kwa sababu ya matunda hayo. Kipa anaoka mikate, kwa hiyo alikuwa anakuja mazoezini na unga kwenye nyusi. Kwa kikosi hicho, halmashauri ikatangaza: Minerul ikishuka daraja, msaada unakatwa, klabu inafutwa, na uwanja unapewa mwenye ghala la mbao.

Misimu miwili Sabin aliizuia isishuke. Msijiulize alifanyaje. Alibembeleza, alitukana, alipika. Ndiyo, alipika: Ijumaa alikuwa anasonga ugali wa njano chungu kizima, na jibini juu, wachezaji wale kwake, maana aligundua wengine walikuwa wanakuja uwanjani na kahawa tu tumboni. Msimu huu wa tatu ukafika mechi ya mwisho, ugenini Poiana. Tulihitaji sare tu. Hata sare ya aibu ingetosha.

Sasa nafika kwenye basi. Mwenyekiti, kama unasoma, kunywa maji.

Tulipofika katikati ya bonde tulikuta lori la magogo limelala ubavu, magogo yametapakaa njia nzima. Kushoto jabali, kulia mto. Hapana pa kugeuzia hata baiskeli. Njia nyingine ilikuwa ile ya msituni, nayo inaanzia darajani, na daraja tulikuwa tumeshalipita. Kulifikia ni kurudi kinyumenyume, hakuna namna nyingine. Kila mtu alijua mwamuzi anangoja robo saa, kisha anapuliza kipenga na kuandika tatu bila.

Tiberiu akasimama. "Mwalimu, tushuke tutembee."

"Mpaka Poiana, Tibi? Wewe ngazi tatu za duka la Zamfira unapanda kwa kupumzika."

Wakacheka, lakini hakuna aliyekaa.

"Mwalimu, mimi basi likirudi simo," akasema kipa. "Bibi yangu atafufuka anichape."

Sabin alisimama kando yangu akiyatazama yale magogo. Mtu huyu alikuwa amesimamisha mabasi ya nchi nne kwa ajili ya mwiko ule. Akaniambia polepole, "Niliwahi kungoja trekta, Mzee Costan. Weka rivasi."

"Na hawa?"

"Anayeogopa ashuke. Tutamchukua darajani."

Wakashuka wote. Walishusha na mipira, isije ikapata nuksi. Wakawa wanatembea kando ya basi kama wanaosindikiza jeneza, nami narudi nyuma, na Sabin peke yake kiti cha mwisho, uso kwenye kioo, ananiongoza kwa sauti. "Kushoto kidogo. Njoo. Njoo. Jabali hilo, mzee, utalibusu! Njoo sasa, taratibu." Darajani wakapanda, tukapita msituni huku matawi yanatuchapa madirishani, tukafika Poiana mwamuzi ameshatia kipenga mdomoni.

Tulifungwa moja bila, kwa kona. Mwishoni kabisa tukapewa penalti. Tiberiu akaupiga kwa nguvu zote za matunda ya Hispania, ukagonga mtambaa wa panya. Niliuhisi mpaka kwenye meno. Mwamuzi akamaliza. Klabu ya babu zetu ilikufa hapo, kwenye uwanja wa watu, na aliyekwenda kumfunika Tiberiu koti pale chini alikuwa Sabin, anachechemea.

Jioni hiyo tuliingia kwa Zamfira, kwenye duka lake lenye viti vya kunywea. Habari ilikuwa imetutangulia. Zamfira hakumimina kitu.

"Ni kweli lilirudi nyuma?"

Tiberiu akainamisha kichwa. Sabin akasema, "Kweli."

"Nani kasema lirudi?"

"Mimi. Dereva alikataa, nikamlazimisha."

Kutoka kule nyuma mtu mmoja akapaza sauti. Jina lake ninalo, simtaji kwa sababu ni shemeji yangu. "Miaka thelathini unang'oa nyuzio za watu ili mabasi yao yasirudi, Mwalimu. Halafu letu ndilo ukalipigia rivasi?"

Sabin, mtu asiyekosa jibu kwa lugha saba, akageukia mlango. Akatoka. Tangu siku ile mapazia ya nyumba yake hayajafunguliwa. Mkate analetewa na kipa, anauacha mlangoni, anabisha, anakimbia.

Kwa hiyo naandika hapa, kwenye karatasi ya klabu, ambayo nadhani ni ya mwisho kuwahi kuchapwa. Dereva hakukataa. Dereva alikwishaweka gia Sabin hajamaliza kusema. Kwa uongo ule Sabin alinikinga mimi ili niendelee kununua sigara kwa Zamfira, na akamkinga Tiberiu, maana tangu hapo hakuna mtu aliyeitaja ile penalti. Waliokuwa ndani ya basi lilipokuwa linarudi ni wazee wawili ambao hawakuugusa mpira siku hiyo. Kama ni nuksi, ilitupata sisi, na sisi hatukucheza. Mtambaa wa panya hauna habari na gia.

Najua kwa nini mji unashikilia rivasi. Ukiiachia, unabaki na nini? Mgodi, halmashauri, vijana waliokwenda: huwezi kwenda kumzomea mtu yeyote kwa hayo. Basi angalau linaonekana, limeegeshwa pale. Mimi mwenyewe nimelipiga teke. Lakini nuksi iliingia Lunca Neagra siku walipofunga mgodi, na siku ile iliingia ikitazama mbele, na kamera za televisheni zikiipokea.

Sherehe ni Jumapili saa tisa alasiri, kwenye bwalo la zamani la wachimbaji. Zipo kabichi za kukunjia nyama na ipo pombe ya plamu. Mwenyekiti amepanga viti vingi. Naogopa vingi vitakaliwa na makoti.

Sabin, kama hutakuja, karatasi hii nitaisukuma chini ya mlango wako. Nimesikia tikiti ya Larnaca, kule Kupro, umekata, unakwenda kwa binti yako. Vizuri. Goti lipate jua, ule samaki, wajukuu wakufundishe lugha moja sawasawa. Nimetafuta neno la kukufariji juu ya klabu na sikulipata. Wenye mbao wanaanza kuweka uzio Julai, na sidhani kama utabaki mji hapa wa kuchezea timu. Ulichotufanyia tulikiona, hata wanaojifanya hawakukiona. Asante kwa ugali, asante kwa Tiberiu. Wachimbaji wako, walio juu ya ardhi na walio chini, tunakuombea miaka iliyobaki ikupokee kwa upole kuliko sisi.

Ila nakudai. Vuli iliyopita nilishinda juu ya paa lako nikikupangia vigae, ukasema utanirudishia siku moja ya kazi. Magogo yangu ya kuni yamefika, na msumeno nilionao ni ule wa kuvutwa na watu wawili. Njoo Jumatatu asubuhi, ulete glavu zako. Upite njia ya dukani kwa Zamfira, wakuone. Njia ya mtoni ina matope.