Ratili Themanini za Kadi ya Bibi

Mchana ulikuwa umelegea kama kamba ya kuanikia nguo, na mvuke wa kahawa ulipanda polepole mbele ya kibanda cha Mpiga Chapa. Benchini alikaa yeye, Desimali mwalimu mstaafu, na Dakika fundi saa. Mapajani mwa Mpiga Chapa lilikuwapo bunda la karatasi ambalo halijafunguliwa. Mama mmoja alikuwa ameagiza kadi yenye picha ya watoto wake, ampelekee bibi yao aliyelazwa, jioni hiyohiyo. Alitaka karatasi ya gramu mia mbili kwa mita ya mraba. Bunda liliandikwa ratili themanini tu. Na likishafunguliwa, duka halilipokei tena.

— Hesabu nyepesi hiyo, alisema Desimali. Ratili moja ni gramu mia nne hamsini na nne. Zidisha kwa themanini. Gramu thelathini na sita elfu na ushei.

— Karatasi moja, mwalimu? Hiyo kadi itabebwa na winchi.

— Haba na haba hujaza kibaba, Dakika.

— Na methali yako nayo imezidi uzito.

Mpiga Chapa alicheka kipuani.

— Hizo ni ratili za karatasi mia tano kabla hazijakatwa. Na karatasi za kadi hazitoki kiwandani kwa ukubwa sawa na za kitabu. Themanini ya kadi inakakamaa, themanini ya kitabu inapepea. Hapa hawakuandika ni ipi.

— Basi tulipime likiwa limelala, alisema Dakika, macho yakimlegea. Karatasi ilikuwa mti. Ikilala huota majani, ikawa nyepesi. Mwenda pole hajikwai.

— Na ikiota mvua?

— Inazidi. Ndiyo maana vitabu vya masika ni vizito.

Desimali akaanza kuihesabu mvua kwa vidole. Ndipo mama mwenyewe akafika, mtoto amelala mgongoni.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwanangu.

— Gramu alinitajia kaka, mimi sizijui. Nauliza tu, itasimama yenyewe mezani? Mama yangu mikono haimtii tena, hawezi kuishika.

Mpiga Chapa akalichana bunda, akakunja karatasi moja katikati, akaisimamisha benchini kati ya vikombe. Dakika akaweka kofia yake upande wa upepo. Desimali akaziba upande wa pili kwa mgongo. Wote wakabana pumzi, kahawa ikipoa.

— Wodini kuna feni, alisema mama yule kwa sauti ndogo.

Dakika akaiondoa kofia, taratibu. Upepo ukaja, karatasi ikainama kama anayeitika salamu, kisha ikasimama.