Kona ya Magharibi ya Jengo la Mawe

Ndugu, jamaa na majirani mliokuja kumsindikiza mzee wetu, familia inaomba muisikilize safari yake kama alivyoiishi, pamoja na lile alilolificha.

Fundi Benedicto Wangwe alizaliwa Nyangoto tarehe 4 Mei 1949, mtoto wa tatu wa mzee Nchagwa na mama Boke, akasoma shule ya misheni hadi darasa la nne mwaka 1962, akaacha kwa sababu ng'ombe wa baba yake walihitaji mchungaji.

Mwaka 1965 alianza kujifunza uashi katika chuo cha ualimu kilichokuwa kinajengwa kilimani Nyakunguru, ambacho leo ni tawi la chuo kikuu, akachonga mawe ya upande wa magharibi wa lile Jengo la Mawe lenye matao sita barazani. Desemba 1966 wenzake wa rika walikuwa wanaingia jandoni, na kuachwa kulimaanisha kungoja miaka miwili akiitwa mtoto, hivyo siku ya mwisho hakusubiri jiwe refu la kufunga kona, lile linaloshikanisha kuta mbili, alipanga mafupi mawili, akaziba kwa chokaa, akaondoka mbio, na aliporudi amepona alikuta ukuta umeshafika kwenye linta, juu ya milango, akanyamaza.

Alimwoa mama yetu Eunice tarehe 12 Agosti 1972, wakajaliwa watoto watano, wanne wako hapa, na Nice alitangulia mwaka 1999, pengo ambalo mzee hakulizoea. Wenzake walipokimbilia dhahabu Nyamongo, yeye alibaki chuoni hadi alipostaafu mwaka 2009, maana kona ile ilikuwa imepasuka, watu wakasingizia baruti za wachimbaji, naye kila masika aliuziba ufa kwa mkono wake bila kumruhusu mwingine kuugusa, hata nyumbani tukamtania kwamba huyo ndiye mke wake wa pili.

Oktoba 2024 chuo kilitangaza kulibomoa jengo lote kwa sababu ya ufa huo, na mzee, ambaye vumbi la mawe lilikuwa limeshamharibu mapafu, alikaa siku mbili bila kula, ya tatu akaita bodaboda, akaenda kukiri mbele ya wahandisi wenye umri wa wajukuu zake kwamba msingi ni mzima, kosa ni lake, wafungue kona tu. Februari 2025 walifungua, wakayakuta yale mawe mawili mafupi, na mzee akaomba alichonge mwenyewe jiwe refu, akiwa amekaa kigodani, akikohoa zaidi kuliko alivyopiga nyundo, ikabaki ncha moja haijachongwa. Tarehe 17 alilazwa hospitali ya wilaya, tarehe 21 saa kumi jioni akafariki, akiuliza kama jiwe limeingia, nalo lilikuwa bado liko chini, na hilo linatuuma mpaka sasa.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa upole, majirani mliolala nje nasi siku zote za msiba, na mafundi wa chuo, wenzake, ambao jana hawakuonekana hapa kutwa nzima, tukawanung'unikia, kumbe walikuwa wanamalizia ile ncha na kulipandisha jiwe.

Fundi, jiwe limeingia, sasa lala kwa amani.