Bei ya Mkono: Maisha ya Mzee Batholomeo Ndahani, 1956–2025

Ndugu waombolezaji, tunayemsindikiza leo alifurahia kuishi. Aliniagiza mimi Luka, mdogo wake, nisome habari zake kwa furaha, nami nitajitahidi.

Mzee Batholomeo Ndahani alizaliwa Bahi tarehe 9 Machi 1956, mtoto wa kwanza wa marehemu Elisha na Anna Ndahani. Alisoma hapohapo hadi darasa la saba, 1971. Kuanzia 1975 aliendesha trekta Mpwapwa, na huko ndiko alikomwona Raheli akiimba kwaya. Wiki iliyofuata naye alijiunga na kwaya, ingawa sauti hakuwa nayo kabisa. Walifunga ndoa tarehe 20 Agosti 1978, wakarudi Bahi kulima mpunga.

Tarehe 17 Juni 2013, mkanda wa mashine ya kupura mpunga ulinasa mkono wa shati lake. Alikatwa mkono wa kulia chini ya kiwiko, akalazwa wiki saba. Ng'ombe sita waliuzwa, shamba likakaa msimu mzima bila kulimwa, na binti yake Paulina akakatisha masomo kwa mwaka mmoja.

Mwaka uliofuata, kwenye mkutano wa kijiji, aliomba kila mashine ifungwe kinga ya bati juu ya mkanda. Masudi, mwenye mashine mbili, alisema shilingi elfu tisini kwa kila kinga ni gharama kubwa. Marehemu alisimama.

"Ndugu yangu, hiyo ni bei ya bati. Bei ya mkono ni ng'ombe sita, mpunga wa msimu, na mwaka wa shule wa mtoto. Wewe utaweza kulipa ipi?"

Masudi akamuuliza kinga ianzie wapi. Wiki hiyohiyo ikafungwa ya kwanza. Kufikia 2017 mashine zote kumi na nne za kijijini zilikuwa nazo, na mpaka leo mkanda haujamuumiza mtu mwingine! Kila mavuno yalipoanza alipita mashine moja moja, akigonga bati na kucheka kama aliyeshinda uchaguzi. Paulina alipohitimu ufundi wa mitambo, 2020, baba yake alicheza mpaka kofia ikaanguka, naye akaendelea kucheza.

Figo zilianza kumsumbua Januari 2024. Alifariki nyumbani alfajiri ya tarehe 3 Juni 2025, Raheli akiwa ameushika mkono wake wa kushoto.

Ameacha mjane, watoto wanne, wajukuu tisa, na kitukuu wa wiki tatu ambaye marehemu aliwahi kumpakata mara moja tu, wote wawili wakilia. Kaka, pumzika kwa amani. Kazi uliifanya, na tuliiona.