Mama Hata Tone, Fundi wa Nyaya za Nje

Ndugu, majirani na marafiki, mimi ni binti wa pili wa marehemu. Baba ameniomba nisome mimi, maana yeye akianza kulia hanyamazi.

Mama alizaliwa tarehe 12 Machi 1958, mtoto wa tatu wa baba mwashi na mama mshonaji. Alipokuwa mdogo alikuwa akikaa juu ya rundo la matofali akimwuliza baba yake maswali, hadi mzee wa watu akaomba poo.

Alimaliza shule ya msingi mwaka 1972, akapelekwa chuo cha ufundi kusomea ushonaji. Wiki ya kwanza alikosea mlango, akaingia darasa la umeme, akaketi, asitoke tena.

"Wewe si wa ushonaji?" mwalimu akamwuliza.

"Nilikuwa," akajibu.

Alihitimu mwaka 1976, msichana pekee darasani.

Alifanya kazi katika kampuni ya ujenzi, na mwaka 1984 akafungua karakana yake. Alichokipenda hasa ni nyaya za nje: taa za uani, pampu za visima, mageti. Alizipitisha ndani ya bomba laini la kupinda, akalizungusha kwenye pembe za ukuta bila kulivunja, kisha akaliingiza kwenye boksi lisilopitisha maji. Daima kwa upande wa chini, ili mvua iteremke ikaende zake. Akishakaza viungio na kubana raba ya mfuniko, kabla ya kuwasha umeme, alimwagia boksi ndoo nzima ya maji mbele ya mwenye nyumba, kisha akalifungua. "Tazama. Hata tone!" Jina likamganda.

Mwaka 1986 mwoka mikate mmoja alimwita. Maji yalikuwa yameingia kwenye boksi la nyuma ya duka, tanuri limezima. Mama akatengeneza. Haukupita muda akaitwa tena, akatengeneza tena. Mara ya tatu alipanda ngazi, akatazama, akashuka taratibu.

"Kaka, nati hii imefunguliwa na nani?"

"Labda mvua."

"Mvua haina spana."

Mwoka mikate akainamia viatu vyake vilivyojaa unga. Mama alikasirika kwelikweli, kwa sababu maji na umeme si mchezo. "Ungekufa hapa, ningewaambia nini watu? Kama unanitaka, sema kwa mdomo. Usiniharibie kazi!"

Baba akasema kwa mdomo. Walifunga ndoa tarehe 6 Februari 1988. Baba amekuwa akikana kisa hiki miaka yote, lakini leo naona anacheka.

Walijaliwa watoto watatu. Kifungua mimba, dada yangu, alirithi karakana, na wanawake wengi waliojifunza kazi pale sasa wanajitegemea.

Mwaka 2021 moyo ulianza kumsumbua, na daktari akampiga marufuku kupanda ngazi. Mama akatii: akaweka kiti uani, akawa anamwelekeza dada kwa sauti iliyofika mtaa wa pili. Jirani yetu seremala akamsihi, "Mama, si daktari alikukataza kazi?"

"Alinikataza ngazi. Kelele hakuzitaja."

Tarehe 9 Septemba 2023, mchana, alikuwa nyumbani kitandani. Baba akamletea mkate wa moto, kama kila siku, na kama kila siku akangoja aambiwe chumvi imezidi. Mama akatafuna polepole. "Leo umepatia," akasema. Baba akakimbilia jikoni kumkatia kipande kingine. Aliporudi, mama alikuwa amelala, na hakuamka tena.

Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu watano, dada yake mdogo, na mafundi wale waliosimama pale nyuma na ovaroli zao.

Mungu ampokee mama yetu, ampumzishe kwa amani.