Mwahija Saidi Ndembo, Aliyejifunza Nyota Ndani ya Eda

Bi Mwahija Saidi Ndembo alizaliwa tarehe 9 Aprili 1956 katika kijiji cha Pande, wilayani Kilwa, akiwa mtoto wa nne wa Mzee Saidi Ndembo na Bi Somoe Hassani. Ilikuwa masika, na njia ilikuwa imekatika kwa maji. Baba yake, aliyekuwa Lindi kwa shughuli zake, hakumwona mtoto mpaka mvua ilipopungua, na tangu siku hiyo alimdekeza kupita wenzake wote. Mzee Saidi hakuwahi kulikana hilo.

Alisoma chuoni hapo hapo Pande, akahitimu Kurani akiwa bado mdogo. Mwaka 1964 aliingia shule ya msingi, akamaliza darasa la saba mwaka 1970. Alikuwa hodari wa hesabu na dhaifu wa kusubiri. Mwalimu akikosea ubaoni, Mwahija alikuwa amekwisha kusema kabla hajanyoosha mkono, na fimbo za jambo hilo alizipata nyingi kuliko za makosa mengine yote.

Mwaka 1974 aliolewa na Bwana Fakihi Bakari Ngwele, seremala wa Kilwa Masoko. Mungu aliwajalia watoto watatu, Ridhiwani, Warda na Ramadhani. Kuanzia mwaka 1981 hadi alipostaafu mwaka 2011 alikuwa mpishi katika shule ya sekondari. Waliosoma pale, na baadhi yao tunawaona hapa leo na vitambi vyao, wanajua kwamba aliyelalamikia maharage alipewa ukoko. Lakini wanajua pia kwamba mwanafunzi mgonjwa alipikiwa uji wake peke yake, tena wenye sukari.

Bwana Fakihi alifariki tarehe 20 Desemba 2006. Mwahija alimpenda sana mumewe, na msiba ule ulimvunja. Akaingia eda, miezi minne na siku kumi za kukaa ndani. Yeye, mtu wa sokoni, wa harusini, wa kila mahali, akabaki na vyumba viwili na uani. Familia ikamleta wifi yake, Bi Maimuna Bakari, dada wa marehemu Fakihi, akae naye na kumwangalia. Tusifichane, katika familia hii Bi Maimuna akipewa kazi ya kuangalia, huangalia kwelikweli.

Baada ya sala ya isha Mwahija alikuwa akitandika mkeka uani, kwa sababu chumbani hapakulalika kwa joto na kwa mawazo. Nyumba ya jirani ni ya ghorofa, ya Bwana Quresh mwenye duka na mkewe, Bi Insiya. Bi Insiya alikuwa akipanda darini kupunga upepo. Siku moja alimwona mjane amelala chali, akamuuliza kwa juu anatazama nini. "Natazama tu," akajibu Mwahija. "Sina pengine pa kutazama."

Bi Insiya alifundishwa nyota na babu yake huko Lindi. Basi kuanzia siku hiyo, mbingu ikiwa haina mawingu, akawa anamulika tochi kuelekeza. Zile tatu zilizopangana juu ya paa la jiko ni mkanda wa Jabari, jitu la nyota. Lile kundi dogo lililosongamana kama punje za mtama ni Kilimia. Ile kubwa iliyo peke yake upande wa kusini, karibu na tangi la maji, ni Suheli. Mwahija alijifunza upesi, ila alijifunza kwa mipaka ya ukuta wake. Kwake yeye Jabari aliishi jikoni. Alipoona anasogea kila wiki kuelekea bafuni aliingiwa na huzuni, mpaka Bi Insiya alipomhakikishia kwamba Jabari hakimbii, huenda zake na hurudi.

Mwezi wa Februari Bi Maimuna alitoka chumbani kuchukua maji ya kunywa. Akaona mwanga wa tochi unapunga juu ya dari ya Bwana Quresh, na chini yake mwenye eda ameinua kidole, anacheka. Akili yake haikwenda kwa Bi Insiya hata kidogo. Ilikwenda moja kwa moja kwa Bwana Quresh, ambaye wakati huo alikuwa sebuleni kwake anakoroma na Jabari hamjui. Asubuhi Bi Maimuna aliwapelekea habari ndugu zake wa Somanga. Jioni habari ilikuwa imefika Tingi. Ndugu wakasema, kama ni kweli, mjane atoke kwenye nyumba ya marehemu kabla eda haijaisha. Heshima yake yote na paa lililokuwa juu ya kichwa chake vilikuwa vimening'inia kwenye tochi ile.

Mwahija hakujitetea. Alimwambia tu, "Wifi, leo kaa hapa na mimi. Usikohoe."

Wakakaa. Baada ya isha tochi ikawaka, na sauti ya mwanamke ikashuka kutoka darini. "Mwahija! Suheli umeiona leo?"

Bi Maimuna aliufuata mwanga wa tochi kwa macho. Kisha akauliza, "Ipi hiyo?"

"Nani huyo?" akauliza Bi Insiya kutoka juu.

"Mie, wifi yake. Nauliza, ipi?"

Akaelekezwa. Akauliza nyingine, na nyingine, hata chai ikapoa kwenye birika. Kesho yake aliwaambia ndugu zake waliache lile jambo, naye Mwahija akabaki kwenye nyumba yake. Lakini neno likishatoka halirudi kwa urahisi. Hakuna aliyewaeleza watu kwamba halikuwa kweli, na kwa miaka mingi wapo waliomwangalia Mwahija kwa pembe ya jicho.

Eda ilipoisha, Bi Insiya na Bi Maimuna walimpeleka ufukweni akaone mbingu yote. Mwahija alisimama mchangani, akageuka huku, akageuka kule, asiione hata nyota moja anayoijua. "Mmenileta kwenye gulio," alisema. "Watu wangu wako wapi?" Walicheka hadi wakakaa chini. Tangu hapo hawakuacha. Mwezi wa Juni walimtazama Nge wa nyota akipanda na mkia wake uliopinda, na Novemba Kilimia iliporudi juu ya jiko Mwahija alipiga vigelegele, majirani wakadhani kuna posa.

Mwaka 2022 alianza kusumbuliwa na moyo. Alitibiwa Lindi, kisha Dar es Salaam, na tunawashukuru madaktari na wauguzi wote. Oktoba mwaka huu wa 2025 alizidiwa, na tarehe 11 Novemba Ridhiwani alimpigia simu shangazi yake aliyeko Somanga. "Shangazi, njoo leo. Usingoje kesho."

Mabasi yalipita yamejaa. Bi Maimuna alisimama barabarani analia, akiogopa atamkuta wifi yake hasemi tena, na neno la kuomba radhi likiwa bado kooni mwake. Mwishowe akapanda gari la samaki. Alipoingia chumbani, Mwahija alifungua macho, akavuta pumzi. "Wifi, umekuja na kitoweo?"

Bi Maimuna akapiga magoti kando ya kitanda. "Lile la tochi, wifi. Miaka yote sijalisema. Niwie radhi."

"Mie nilikuwia radhi usiku ule ule. Ila wa Somanga na Tingi uliwaambia wewe. Uwaambie tena."

"Nitawaambia."

"Lini?"

"Siku watakayokutana wote."

Mwahija akacheka, taratibu, kwa kuwa kifua hakikumruhusu zaidi. "Basi siku hiyo haiko mbali."

Wa Somanga mko hapa, na wa Tingi mko hapa. Bi Maimuna ametuomba tuwasomee, naye ameketi ndani pamoja na kina mama akisikia kila neno, kwamba Mwahija alikaa eda yake kwa ukamilifu, hakuivunja hata kwa jicho, na aliyesema vinginevyo alikosea. Imesomwa, na nyumba nzima imepumua.

Bi Mwahija alifariki nyumbani kwake Kilwa Masoko, Ijumaa tarehe 14 Novemba 2025, baada ya magharibi, bila kuhangaika. Ameacha watoto watatu, wajukuu saba, kitukuu mmoja, jirani yake Bi Insiya, na wifi yake.

Warda alipouliza nani atamwosha, maana anayekuosha ndiye anayekuona ulivyo na kukusitiri, alikuta marehemu amekwisha kuagiza. Leo asubuhi Bi Maimuna alimwosha kwa mikono yake.

Mwenyezi Mungu amrehemu, ampe pumziko la amani. Amin.