Miaka Thelathini na Minne ya Mwalimu Fainesi, Si Ishirini na Mitatu

Mwalimu Fainesi Mkwezalamba anastaafu tarehe 30 Juni 2025, baada ya kufundisha kwa miaka thelathini na minne na nusu. Barua ya ofisi ya elimu inasema ishirini na mitatu. Barua hiyo imekosea, na kabla ya kumshukuru mwenzetu ni lazima tueleze imekosea wapi.

Alianza kazi Januari 1991, cheti cha chuo cha ualimu mkononi, katika shule ya kambi ya jeshi kando ya ziwa, ambako mumewe Lyson alikuwa praiveti. Kambini mwanamke huitwa kwa cheo cha mumewe, kwa hiyo akawa Mai Praiveti, yaani Mama Praiveti. Katika kambi ya pili, kaskazini kwenye baridi, akawa Mai Koplo. Katika ya tatu akawa Mai Sajini. Kwenye bomba la maji na msibani, kuitwa hivyo ni heshima. Lakini makarani waliyaingiza mazoea hayo hadi kwenye daftari la walimu, na kwa miaka kumi na mmoja hakuna hata mmoja aliyeliandika jina lake.

Miaka hiyo hakuwa akikaa bure. Mwaka 1992 Lyson alikuwa Msumbiji akilinda reli, pamoja na baba za nusu ya darasa. Gari la kasisi wa jeshi lilipoingia langoni asubuhi, watoto walijua limekuja na habari ya kifo, na macho yote yalihamia dirisha la mbele, lililotazama lango. Mwalimu Fainesi aliyageuza madawati yatazame ukuta wa nyuma, akasimama huko nyuma na kufundisha. Yeye peke yake ndiye aliyebaki akilitazama lango.

Kisha kulikuwa na lori. Amri ya uhamisho ilipotoka, familia ilipewa siku mbili za kupakia mizigo, muhula ukiwa katikati. Shule mpya, isiyomjua mtoto, ilimrudisha darasa. Mwalimu Fainesi alipokea watoto wenye akili waliokwisha kurudia darasa la kwanza mara tatu kwa kosa la baba kuwa askari. Tangu mwaka wake wa kwanza akawa anamwandikia kila anayeondoka ukurasa mmoja. Huu ni wa mwaka 1996: "Huyu ni Yankho. Anasoma hadi ukurasa wa 41. Akikaa nyuma haoni ubao, asiitwe mvivu. Asirudishwe darasa." Chini yake kuna tarehe, jina la shule, na jina kamili la Mwalimu pamoja na sahihi yake. Ujumbe wa kila barua uliishia na maneno hayo mawili: asirudishwe darasa.

Alifika kwetu, Shule ya Msingi Mpalasa, mwaka 2002, na hatimaye jina lake likaingia daftarini. Mara mbili alipewa ukuu wa shule, mara mbili akakataa, kwa hoja kwamba mwalimu mkuu hapewi darasa la kwanza. Uji wake wa unga wa karanga uliwavuta hata walimu wa darasa la nane, waliojifanya wamekuja kuazima chaki. "Chaki imekwisha, vikombe vipo," alikuwa akiwaambia.

Februari mwaka huu alikwenda ofisini kuulizia hati ya heshima, ambayo hutolewa kwa waliotimiza miaka thelathini. Karani alifunua daftari la kwanza, la pili, la tatu.

"Madamu, humu sikuoni. Namwona mke wa praiveti, mke wa koplo na mke wa sajini."

"Wote ni mimi."

"Hawa ni watu watatu, Madamu. Una ushahidi wa maandishi?"

Lyson, ambaye siku hizi ni sajini meja mstaafu, alikuwa amekaa kwenye benchi. "Kwa hiyo kila nilipoongezewa tepe nilikuwa naoa upya!" akasema. "Wake wanne hadi nikawa sajini meja, bwana mdogo, na sijapata hata sahani moja ya nsima ya harusi!"

Karani alicheka. Mwalimu Fainesi hakucheka, na sisi hatucheki. Ofisi iliyompangia darasa, ikatuma wakaguzi wakae nyuma ya darasa hilo na kusifu kazi yake, haiwezi leo kusema kwamba kazi hiyo ilifanywa na wanawake watatu wasiokuwepo.

Habari ziliwafikia wanafunzi wa zamani, na barua zikaanza kurudi. Moja ililetwa na mama muuza samaki, aliyekuwa ameitunza pamoja na kadi ya kliniki ya mwanawe. Nyingine ililetwa na nesi. Yankho, ambaye sasa ni fundi wa umeme na anavaa miwani, alisafiri siku nzima kuleta ya kwake, maana hakutaka kuiamini posta. Zilifika arobaini na moja. Hakuna mwaka hata mmoja kati ya kumi na mmoja usio na barua yenye jina na sahihi ya Fainesi Mkwezalamba.

Tulizipeleka ofisini tarehe 12 Mei. Karani alizisoma tatu, akaziacha zilizobaki, akagonga muhuri wa mapokezi. Hadi tunachapa jarida hili hakuna jibu, na hati haijatoka.

Hatutaisubiri ili tumuage. Mwalimu, ahsante kwa kila mtoto aliyeshuka kwenye lori akiwa na karatasi yako mfukoni. Tunakuombea afya na asubuhi ndefu zisizo na kengele, wewe na Lyson, mume wa mke mmoja. Na kwa kuwa unahama, walimu wote wa Mpalasa tumetia sahihi ukurasa huu, nakala moja yako, nyingine ya ofisi:

"Huyu ni Fainesi Mkwezalamba. Amemaliza mwaka wa thelathini na nne. Asirudishwe darasa."