Nani Hatashuka: Maisha ya Delmar Roy Pruett, 1948–2023

Marehemu Delmar Roy Pruett alizaliwa tarehe 11 Septemba 1948 katika shamba la wazazi wake, Otis na Velma Pruett, nje kidogo ya mji wetu wa Bell Ridge, Oklahoma. Mama yake alizoea kusema kwamba mtoto huyu hakulia alipozaliwa. Alitazama dari tu, kama mtu anayekagua iwapo litahimili.

Alisoma hapa hapa Bell Ridge hadi alipomaliza sekondari mwaka 1966. Hesabu alizipenda, insha alizikwepa. Alitumikia jeshi huko Ujerumani, na aliporudi mwaka 1969 aliajiriwa na ushirika wa umeme wa vijijini kama fundi wa nyaya, kazi aliyoifanya mpaka alipostaafu mwaka 2010.

Tarehe 5 Juni 1971 alimwoa dada yangu, Oneta Faye Kimbrell. Mimi ni Wilda, mdogo wake Oneta. Kabla ya harusi, Oneta alimweleza Delmar jambo ambalo watu wengi mjini walilijua nusunusu. Alipokuwa na miaka saba, kimbunga kiliangusha dohani la nyumba ya bibi yetu juu ya mlango wa handaki la kujikinga na dhoruba, yeye na bibi wakiwa ndani. Walipofukuliwa kesho yake, bibi alikuwa ameshafariki, na Oneta alikuwa bado amemshika mkono. Tangu hapo hakushuka tena handaki lolote. Delmar alimwahidi kwamba hatamlazimisha kamwe. Walijaliwa binti mmoja, Janelle.

Mwaka 1985 marehemu alitumwa kurudisha umeme katika kijiji jirani kilichopigwa na kimbunga. Huko aliikuta familia moja, baba, mama na mtoto, wamelala bila uhai kando ya handaki lao. Mlango ulikuwa wazi, lakini ndani kulijaa magunia ya viazi, vitanda vibovu na mashine ya kufulia. Hapakuwa na pa kukanyaga. Aliporudi nyumbani hakula.

Machi iliyofuata aliomba kituo cha zimamoto kwa Jumamosi moja. Alipika sufuria kubwa la maharage, Oneta akaoka mkate wa mahindi, na hivyo ndivyo Siku ya Handaki ilivyoanza. Watoto walijaribishwa helmeti, watu wazima wakabadilisha betri za redio za hali ya hewa, na mchana Delmar alizunguka na pikapu yake kuondoa makorokoro ya watu mahandakini. Waliogoma walikiona cha ulimi wake.

"Hiyo friji mbovu ndiyo utamkalisha mkeo juu yake?" alikuwa akiuliza. "Nishikie upande ule, tuitoe."

Alhamisi, tarehe 22 Aprili 2004, nilikuwa nimefika kwao kuchukua miche ya nyanya. Alasiri anga la kusini magharibi likageuka kijani, na upepo ukakatika ghafla. King'ora cha onyo la kimbunga kilipolia, Delmar alimbeba mjukuu wake Kaylee, wakati huo mtoto mdogo, akanikabidhi mlangoni mwa handaki.

"Shemeji, mshike. Kaeni mbali na ngazi."

"Oneta yuko wapi?"

"Bafuni."

"Si umlete?"

"Hataki."

"Mbebe basi, Delmar. Nguvu unazo."

"Nilimwahidi, Wilda."

"Basi shuka wewe. Una mjukuu huku."

Alinitazama, akamtazama mtoto, kisha akaufunga mlango kutoka nje.

Kaylee aliniuliza babu anakwenda wapi. Nilimwambia anamfuata bibi. Baada ya hapo hatukusikizana tena. Masikio yaliziba, mlango ukarukaruka kwenye bawaba zake, na kitu kizito kikapita juu yetu kikikwaruza. Kulipotulia niliusukuma mlango, nao haukusogea. Niliita, sikujibiwa. Nilimkumbatia mtoto yule nikawaza nitamwambia nini mama yake.

Halafu nikasikia mbao zinavutwa. Mlango ulipofunguka, Delmar alikuwa anavuta kwa mkono mmoja, bega la pili limevunjika. Kando yake alikuwa Oneta, mweupe kwa vumbi la plasta, anavuta naye. Walikuwa wamelala ndani ya beseni la kuogea, godoro juu yao, paa likang'oka wakiliona. Dada yangu alipiga magoti ukingoni mwa handaki, akanyoosha mikono ndani.

"Nipe mtoto," alisema.

Katika Siku ya Handaki iliyofuata, Gaylon Teel, mkuu wetu wa zimamoto, alisimama na sahani yake mkononi.

"Delmar, miaka yote hii unatufokea tushuke. Siku yenyewe imefika, wewe ulikuwa bafuni."

Delmar alisema, "Ni kweli," akaishia hapo. Oneta ndiye aliyesimama.

"Alibaki kwa sababu yangu. Mimi sishuki, na sababu wengi mnaijua. Na wewe Gaylon usijifanye. Mkeo ameniambia huwa unasimama barazani na kopo la bia, unakitazama kimbunga."

Wachache walicheka. Kisha mama mmoja akasema mama yake mzazi hawezi ngazi. Mwingine akasema baba yake hakubali kuwaacha mbwa. Walisema mpaka maharage yakapoa. Kuanzia siku hiyo, swali la kwanza la Delmar kwa kila familia lilikuwa, "Kwenu nani hatashuka?" Aliyetajwa alitafutiwa njia yake, na wengi waliwekewa vyumba vidogo vya chuma vya kujikinga, vilivyokazwa kwa bolti kwenye sakafu ya gereji.

Kimoja kililetwa kituoni kwa maonyesho. Oneta aliingia ndani mbele ya watu wote.

"Fungeni."

Delmar alishika kitasa. "Nikufungulie lini?"

"Nitagonga."

Tulisubiri. Shemeji yangu alikuwa mtu wa kupanda nguzo zilizoganda barafu. Mara mbili alitaka kufungua, na mara mbili Janelle alimzuia. Hatimaye Oneta aligonga. Alitoka ameloa jasho.

"Kinanuka rangi," alisema. "Tutanunua."

Mwaka 2021 moyo wa marehemu ulianza kudhoofika. Alilazwa hospitali zaidi ya mara moja, na mwezi Machi mwaka huu aliomba arudishwe nyumbani. Siku zake za mwisho, kila wingu lilipopita dirishani aliuliza linatoka wapi.

"Mama Janelle," alisema siku moja, "mkinizika majira haya ya vimbunga na king'ora kikalia, msihangaike na mimi. Niacheni hapo hapo mshuke."

"Tutaona."

"Hakuna cha tutaona. Niahidi."

Jioni ndipo dada yangu alipomwambia, "Haya." Delmar alifariki asubuhi ya Ijumaa, tarehe 14 Aprili 2023, Oneta na Janelle wakiwa kando yake.

Watabiri wa hali ya hewa wanasema leo hali itachafuka kuanzia alasiri. Kwa hiyo familia inaomba: king'ora kikilia tukiwa hapa, jeneza liachwe lilipo. Shukeni handaki la kanisa kwa mlango wa mashariki. Gaylon atashika mlango, naye ataingia, mkewe amethibitisha. Wasioweza kushuka waende chumba cha chuma nyuma ya jiko. Oneta atawaongoza.

Marehemu ameacha mjane wake Oneta, binti yake Janelle na mumewe Curtis, mjukuu wake Kaylee, dada yake Loretta wa Tulsa, na mimi shemeji yake.

Mungu akupe utulivu, Delmar. Sisi tutashuka.